Bilauri Nyembamba za Madamu Nyiramana

Nianze na jina, maana ugonjwa ulianzia hapo. Baba yake alimpa jina Nyiramana, jina la heshima, halina kasoro. Lakini alipohamia kwetu Biryogo, nyumba inayotazamana na yangu, alitaka tumwite Madamu. Si dada, si shoga, si jirani. Madamu, basi. Watoto wa mtaa walikubali kwa sababu aliwagawia peremende, na wanaume walikubali kwa sababu mwanaume hupenda amani kuliko haki. Mie pia nilimwita hivyo, ila namna nilivyolitamka, yeye mwenyewe alijua nina maana gani.

Nitawaambia alikotoka, kwa sababu yeye hatawaambia. Alizaliwa Kagarama, enzi hizo huko ni mashamba ya mtama na maharage tu. Hilo si aibu. Mie nimezaliwa hapa hapa Biryogo, chumba kimoja na mbuzi wa marehemu bibi yangu, na ninalisema mchana kweupe. Aibu ni kukana kwenu. Usichana wake aliumalizia Kimihurura, kwa Mbelgiji mmoja mtu wa mambo ya barabara. Alianza kwa kufua, akapandishwa jikoni, mwishowe akawa wa kupeleka sinia sebuleni. Ile sinia ndiyo shule yake. Na hakuhitimu vizuri, maana aliona wazungu wanafanya nini, wala hakuuliza kwa nini.

Mbelgiji aliporudi kwao, Nyiramana alirithi mapazia mawili na tabia zote. Akaolewa na Eustache, karani wa ofisi moja ya serikali, bwana mwenye mwandiko mzuri na sauti ndogo. Nimeishi karibu na Eustache miaka, na sijui sauti yake ikoje akikasirika. Huenda hana.

Siku ile ya kwanza nilimkaribisha kwangu kama jirani, nikampa chai ya maziwa na tangawizi kwenye kikombe cha bati, vile vyeupe vyenye ukingo wa buluu ambavyo kila nyumba inavyo. Alikishika kwa vidole viwili kama ameokota mjusi. Akaanza kunisomesha: eti kwa Mbelgiji chai hunywewa kwenye bilauri, bila maziwa, mtu apate kuiona rangi. Nikamwambia rangi ya chai naijua tangu niko mgongoni mwa mama. Hakunisikia. Alikuwa anakitafuta kisahani.

Sasa, katika nyumba ile alikuwamo binti, Kanyange, mtoto wa marehemu kaka yake Eustache. Yeye ndiye aliyekuwa anachota maji, anapika, anafua, anapiga deki, na jioni anaitwa mvivu. Wenzake aliosoma nao walikwishapata watoto wa pili. Si kwamba hakupata mchumba. Alipata, na mtu akaja, lakini Madamu alimuuliza mama wa kijana mbele ya watu kama kwao wana meza ya kulia chakula. Yule mama aliaga kwa adabu na hatukumwona tena.

Halafu akatokea Sangwa, fundi wa breki katika gereji moja ya Gikondo. Kijana mnyamavu, mikono myeusi kwa grisi, moyo safi. Alimpenda Kanyange na Kanyange akampenda, na mtaa mzima tulijua isipokuwa Madamu, ambaye hakuwa na mazoea ya kumtazama Kanyange usoni. Ujumbe ulipofika kwamba watu wa kijana watakuja kushika lango, yaani ile ziara ya kwanza ya kusema tumeona ua katika boma lenu, Kanyange alikuja kwangu, akakaa kwenye kigoda, akasema neno moja tu, nami silisahau.

“Mama Zaina, hawa wakiondoka bila kusema neno, mimi siolewi tena. Nitazeeka nikimwoshea mama mdogo vyombo.”

Nikamwambia hawataondoka. Nilisema hivyo kwa sababu sikujua kuna bilauri njiani.

Niwaeleze watu wenyewe. Kwao Sangwa ni Kagugu, kule mlimani kaskazini, na baba yake ameshafariki, kwa hiyo kiongozi wa msafara alikuwa shangazi yake, Gahongayire, bibi wa mvi na maneno machache. Ni walokole, pombe hawagusi. Na walikuwa na msiba wao: kaka yake Sangwa alikwenda harusini mzima, akanywa alichopewa, akarudi amebebwa, na baada ya siku chache wakamzika. Wao wanasema alilishwa sumu. Mie sikuwapo, huenda ilikuwa tumbo tu, lakini mtu aliyezika mwanawe haambiwi ilikuwa tumbo. Tangu hapo watu wa boma lile hawatii mdomoni kitu ambacho mwenyeji hajakionja mbele ya macho yao.

Na hata bila msiba, jamani, hiyo si ndiyo desturi ya nchi hii? Mwenyeji huonja kwanza, mgeni hufuata. Pombe ya mtama huonjwa, maziwa huonjwa, chupa hufunguliwa mgeni akiona. Mtoto anayetambaa analijua hilo. Nilikwenda kwa Madamu nikamkumbusha, kwa upole, Mungu shahidi wangu. Nikamwambia aiweke chai kwenye terimosi, aipeleke mezani, ajimiminie yeye kwanza, anywe, ndipo awamiminie wengine. Hakuna kazi rahisi kuliko hiyo. Akacheka. Akasema terimosi mezani ni mambo ya wodini, na kuonja kinywaji cha mgeni ni uchafu, kwamba Kimihurura angefukuzwa siku hiyo hiyo. Kisha akanitangazia kwamba anakwenda mjini kununua bilauri za chai, na mie nimsindikize, kwa sababu mwenye duka ni Mwarabu na Waarabu hulainika kwa Kiswahili. Kiswahili chake yeye kilikuwa cha kuamrisha tu.

Nilikwenda. Mtanisema, lakini nilikwenda kwa ajili ya Kanyange, nikidhani nitaweza kumvuta huyu mama kuelekea kwenye akili. Ilikuwa kiangazi cha mwaka wa tisini na mbili. Vita vilikuwa kaskazini, njia ya mpaka wa Gatuna imefungwa, kila kitu kilizungukia mpaka wa Rusumo na kufika kimechoka, na maduka yalikuwa na nafasi kubwa kwenye rafu. Watu wenye akili walikuwa wanatafuta sukari. Sisi tulitafuta bilauri.

Mwarabu alikuwa na aina tatu. Kulikuwa na zile fupi nene zenye mistari, za mahoteli ya chai ya kwetu, ambazo ukiangusha moja hupasuka sakafu. Hizo hata hakuzigusa. Kulikuwa na za Kifaransa za rangi ya kahawia, imara, zinazobeba maji ya moto bila malalamiko. Na juu kabisa, kwenye karatasi laini, kulikuwa na nyembamba zenye mkono mdogo wa kushikia na ukingo wa dhahabu, nyembamba hata Mwarabu mwenyewe alizishusha akiwa amezuia pumzi.

Mngemwona. Alikwenda nazo mlangoni kwenye mwanga, moja moja, akifumba jicho moja. Akazigonga kwa ukucha, akazisogeza sikioni, akatikisa kichwa kama daktari. Moja aliirudisha, eti ina mawingu. Mwarabu akamwambia kwa adabu kwamba nyembamba hupasuka kwa chai ya kuchemka, kwa hiyo atangulize kijiko ndani ndipo amimine. Madamu akamjibu kwamba alianza kushika bilauri kabla yeye hajaota ndevu. Mwarabu akanitazama mie. Nikatazama dari.

Nikajaribu mara ya mwisho. Nikamwambia achukue zile za kahawia, ni nzuri, ni za Ulaya pia kama ndilo analolitaka, na hazionyeshi kilichomo. Akanigeukia akanitazama kuanzia kanga hadi kandambili.

“Bilauri isiyoonyesha kilichomo,” akasema, “ni ya kazi gani?”

Akafungiwa zile nyembamba. Kanyange, aliyekuwa ametufuata, ndiye aliyezibeba kichwani, kutoka mjini hadi Biryogo, akitembea juu ya mawe na mashimo bila kushusha hata mara moja, huku Madamu nyuma yake akimwambia angalia, angalia. Moyo uliniuma kumwona binti anabeba kitanzi chake mwenyewe kwa uangalifu vile. Lakini nilinyamaza, maana njiani si mahali pa kugombana.

Siku ya wageni ikafika. Mie niliitwa kusaidia jikoni, maana mikate ya sinia na sambusa Madamu hakuwa anazijua, Mbelgiji hakuwa akizila. Kanyange alikuwa amechemsha sufuria nzima ya maziwa tangu asubuhi. Kuwapa wakwe chai isiyo na maziwa katika nchi hii ni kuwaambia kwetu hatujawahi kuona ng'ombe. Madamu akaja, akaifunika ile sufuria, akaamuru iwekwe kando. Akakata malimau. Akapanga bilauri kwenye sinia, akatia kijiko kila moja kama Mwarabu alivyosema, ingawa angeapa ni maarifa yake, akamimina chai nyekundu hadi kwenye ukingo wa dhahabu. Moja ilipata ufa mwembamba ubavuni. Akaigeuza ufa ukatazama ukutani, na hiyo ndiyo aliyomwekea mumewe.

Kanyange akamwambia, kwa sauti ya chini, mama mdogo, mimina mbele yao, nakuomba. Aliomba hivyo akiwa ameshika ncha ya kitenge chake kwa mikono yote miwili. Madamu akamwambia aingie chumbani, maana binti anayeposwa haonekani siku hiyo, na akabeba sinia mwenyewe, kidevu juu. Hapo alikuwa na furaha kabisa. Nadhani katika maisha yake hakuwahi kuwa na furaha kama hatua zile za kutoka jikoni hadi sebuleni.

Mie nilisimama nyuma ya pazia, lile la Mbelgiji, na Kanyange akawa nyuma yangu. Wageni walikuwa wanne: shangazi Gahongayire, ami wa kijana ambaye ndiye msemaji, na wazee wawili wa kusindikiza. Madamu akawawekea kila mmoja bilauri yake mbele yake, akaketi, akachukua ya kwake, akanyanyua kidole kidogo, akanywa. Wakamtazama. Wakasubiri. Kunywa ya kwako hakuna maana yoyote, yako umeimimina wewe mwenyewe jikoni. Walikuwa wanasubiri aonje ya mgeni, hata tone, kama watu wote. Yeye akadhani wanastaajabia bilauri.

Sasa hapa ndipo nitakapowaeleza faida ya kikombe cha bati, ambayo hakuna Mbelgiji aijuaye. Mgeni mwenye wasiwasi akipewa kikombe cha bati, hukiinua, hugusa ukingo kwa mdomo, hukirudisha chini, na hakuna binadamu anayejua kimepungua au hakikupungua. Mwenyeji ameheshimiwa, mgeni amelinda roho yake, maongezi yanaendelea. Nimewaona watu wazima wakifanya hivyo sebuleni kwangu na sikununa, nami nikichukua vikombe nikamwaga na kusuuza, basi. Bilauri haikupi nafasi hiyo. Bilauri nne zilikaa pale, chai imefika kwenye dhahabu, na kila mtu mle ndani aliona wazi kwamba hakuna aliyekunywa. Ami wa kijana alijaribu. Aliinua, akagusa, akaweka. Macho yote yalikwenda kwenye bilauri yake, na chai ilikuwa pale pale. Yule mzee akaona haya kama mtu aliyekamatwa na mkono kwenye chungu, akafuta midomo iliyokuwa mikavu.

Wakazungumza habari za jua. Wakazungumza habari za maharage. Eustache akasema karibuni, akanyamaza, akasema tena karibuni. Malimau yakaanza kuzama. Na neno walilojia halikusemwa, maana huwezi kuomba mtoto katika nyumba uliyokataa kinywaji chake, na wala huwezi kukubali kinywaji ambacho mwenye nyumba amekataa kukionja.

Mwishowe ami akaanza kusema kwamba Kagugu ni mbali, na askari wa bariyeri za barabarani siku hizi hawataki watu jioni, watakuja siku nyingine. Kila mtu anajua hiyo siku nyingine ni ipi. Wengine pale mtaani walisema baadaye kwamba Madamu alifanya makusudi, asimpoteze mtumishi wa bure. Mie nakataa. Makusudi yanahitaji akili.

Gahongayire hakuinuka. Yule bibi alikuwa na huruma kuliko nilivyotegemea, akampa nafasi nyingine, kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto anywe dawa.

“Mama, chai yako inapendeza kutazama,” akamwambia. “Basi tuonjee.”

Kitu gani kingemgharimu? Tone moja. Hata wewe uliyeniudhi hapo jana, ukiniambia nikuonjee nitakuonjea. Lakini Madamu akaweka bilauri yake chini taratibu, akajifuta vidole.

“Mimi sina desturi ya kutia mdomo kwenye bilauri ya mgeni,” akasema. “Anayeniogopa asinywe.”

Wallahi nilitamani sakafu inimeze, na nyumba si yangu. Wale wazee wawili wakachukua fimbo zao. Nikamtazama Eustache, mwenye damu, baba mdogo wa binti, mtu ambaye neno moja lake lingetosha. Alikuwa anatazama ufa wa bilauri yake, ambao ndio kwanza ameuona. Nilimdharau siku ile kuliko nilivyomdharau mkewe, maana mkewe angalau alikuwa na kitu anachokiamini.

Hapo pazia likanisukuma bega. Kanyange alitoka. Alitoka kama alivyokuwa, na kitenge cha jikoni, mikono inanuka maziwa, siku ambayo binti haruhusiwi kuonekana hata kivuli chake. Hakumtazama mtu. Alikwenda moja kwa moja, akapiga magoti mbele ya Gahongayire, akachukua bilauri yake, akanywa funda zima, tukaona chai inashuka chini ya dhahabu. Akaipangusa kwa kiganja, akampa kwa mikono miwili. Kisha ya ami, akanywa, akampa. Kisha ya mzee wa kwanza, kisha ya wa pili. Nikasikia anavyomeza.

Madamu alisimama. Akamwambia rudi chumbani, umenitia aibu, umetia mdomo kwenye vyombo vya wageni. Kanyange alibaki amepiga magoti.

Gahongayire akanywa. Hakugusa kwa mdomo, alikunywa, chai iliyopoa na isiyo na maziwa, hadi limau likabaki peke yake chini. Akaiweka bilauri mezani. Akamwuliza binti kama yeye ndiye Kanyange, na binti akaitikia. Ndipo akawaambia wanaume waketi, nao wakaketi, fimbo zikarudi ukutani.

“Tulikuja kuomba mtoto kwa mwenye nyumba,” akasema.

“Mwenye nyumba ni mimi,” Madamu akasema. “Mtazungumza na mimi.”

Bibi wala hakugeuka. “Mwenye nyumba ni yule anayemwonjea mgeni,” akasema. “Mwanangu Kanyange, tunakuomba wewe, kwako wewe.”

Sijawahi kusikia jambo kama hilo, wala mama yangu hakuwahi kusikia. Kanyange akamgeukia baba yake mdogo, kwa heshima, akamsubiri, akampa nafasi yake yote kama mwanamume. Eustache akafungua mdomo, akamtazama mkewe, akaufunga. Basi Kanyange akarudisha uso kwa wageni, akajibu mwenyewe, kwa sauti ambayo hata mie nyuma ya pazia niliisikia bila kutega sikio.

“Mmeniomba,” akasema, “nami nimewapa.”

Ami akapiga makofi matatu ya shukrani, wazee wakaitikia, na wakaanza kupanga siku ya kurudi kwa posa kamili. Walimwuliza Kanyange mwezi gani unamfaa. Walimwuliza nani wa kwao aalikwe. Madamu alikuwa bado amesimama pale pale katikati ya sebule yake, amekunja mikono vizuri, anasubiri zamu yake ya kuulizwa. Waliaga, wakainuka, wakatoka, na hakuna aliyemwuliza kitu.